Dakika Kumi za Mitende ya Sabili

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa saa hata moja. Fundi Mkuu wa duka letu la Maskati, mzee aliyejifunza kazi Unguja kama mimi lakini miaka mingi kabla yangu, alinitazama mikono, akanipeleka kwenye bomba, akasema, "Osha mpaka viwiko, kama mtu anayekwenda kusali. Halafu kaa pale usikilize."

Nikakaa. Akavaa kioo chake cha jicho, akafungua mgongo wa saa ya dhahabu, akaniita nichungulie. Wallahi, vijana, subhanallah ilinitoka kwa sauti. Unguja nilikuwa nikitengeneza saa za ukutani na saa za bei ya chini. Nilidhani nazijua saa. Humu kila kipande kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, hata upande wake wa chini, ambao hauonekani mpaka saa ifunguliwe yote.

"Nani anaona haya?" nikauliza.

"Mwenye saa haoni," akasema. "Jirani yake haoni. Fundi huona mara moja katika miaka mitano. Mwenyezi Mungu huona kila siku."

Madrasa tulifundishwa maana ya ihsani, kufanya jambo vizuri kwa kuwa Mola anakuona. Niliisoma utotoni, nikaielewa siku ile, kwenye meza ya fundi.

Jina la kampuni silitaji. Wana matangazo yao, hawahitaji langu. Lakini hadithi ya mwanzo wao Fundi Mkuu alinisimulia hiyo hiyo siku ya kwanza, kwa sababu, alisema, fundi asiyejua saa imetoka wapi huishia kubadilisha vipuri tu. Mwanzilishi wao alikuwa mkulima wa shayiri katika bonde la milimani Ulaya, huko ambako theluji hufunga njia kwa miezi. Shamba limelala, ng'ombe wako zizini, mtu hana pa kwenda. Basi watu wa bonde lile walikaa karibu na madirisha wakichonga vipande vya saa kwa ajili ya wafanyabiashara wa mjini. Huyu vijigurudumu, yule skrubu. Yeye akatamani kutengeneza saa nzima kwa mikono yake. Saa zake za mwanzo, alisema Fundi Mkuu, hazikuwa na jina usoni. Ndani kabisa, chini ya daraja, kile kibati kinachoshika gurudumu la mizani linalocheza huku na huko, aligonga alama ya punje moja ya shayiri. Basi.

Somo la pili la siku ile lilikuwa bahasha. Fundi Mkuu alivuta mtoto wa meza uliojaa bahasha ndogo za karatasi, kila moja ina jina la mtu. "Chochote kinachotoka ndani ya saa ya mtu, hata skrubu iliyovunjika, usikitupe. Kitie humu, andika jina. Ni mali yake, na wewe si mwenye mali." Nikaona ni wasiwasi wa kizee. Nikafuata lakini, kwa adabu.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa tawi letu la Sur, mji wa pwani. Nikapanga chumba mtaa wa Aija, nikawa napigana na chumvi. Hewa ya bahari huingia kwenye saa kama inavyoingia kwenye kitasa cha mlango; nilikuwa nikifungua saa nikakuta kutu nyekundu kama hina. Msimamizi wa tawi lile alikuwa mtu wa mzaha. Kila akinikuta nimeinama juu ya saa midomo inacheza, hulalamika, "Wewe unazitengeneza au unazisomea?" Nikimjibu, "Yote mawili, bwana. Dawa moja haitoshi."

Kutoka Sur nikahamishiwa Ibra, mji wa bara, fundi peke yangu, na hapo ndipo lilipotokea jambo ninalotaka mlijue.

Asubuhi moja aliingia Mzee Khalfan, arifu wa kijiji kimoja cha juu ya wadi, bonde la mto mkavu. Arifu ndiye mgawaji wa maji ya falaj, mfereji unaonywesha mashamba ya kijiji. Yeye husema zamu ya huyu imekwisha, ya yule imeanza. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, safi, kwani alizaliwa huko. Nikamwamkia shikamoo. Akafungua kitambaa, akatoa saa ya mfukoni ya fedha, pana kama kitumbua, usoni haina jina lolote.

"Babu yangu aliinunua Unguja kwa mfanyabiashara wa karafuu," akasema. "Imesimama tangu juzi."

"Ina kasoro nyingine?"

"Nimekwambia imesimama, mwanangu. Kasoro gani nyingine unataka?"

Alipoondoka nikaifungua. Nikalegeza skrubu za daraja, nikaliinua kwa kibano, nikaona punje ya shayiri. Niliweka kibano chini. Nikaenda kutawadha, nikarudi. Mtu aliyekaa dirishani akitazama theluji, na mimi Ibra katika joto la Mei, sote wawili tumekiinamia chuma kimoja.

Kilichoisimamisha kilikuwa uchafu tu, mafuta yaliyoganda. Nikaisafisha ikatembea. Lakini nilipoipima kwa siku tatu, nikaona inakimbia dakika kumi kwa kila siku. Mkono wa kurekebisha kasi ulikuwa tayari umevutwa mpaka mwisho. Kosa lilikuwa kwenye kamani ndogo, ile nyembamba kama unywele inayolipeleka na kulirudisha gurudumu la mizani. Ikiwa fupi, saa hukimbia; hii ilikuwa fupi. Nikatafuta nyingine ya kadiri yake, nikaifunga, nikahangaika nayo wiki nzima. Saa ya mkulima ikawa haikosei hata nusu dakika. Kamani ya zamani nikaitia kwenye bahasha, nikaandika "Khalfan". Nilijiona nimefika.

Nikampigia simu Meneja Maskati, kijana wa Kiomani aliyesoma Ulaya, nikamwambia habari ya punje. Akapiga kelele ya furaha kwenye simu. Akawaandikia wakubwa wa kiwanda, nao wakajibu kwamba watamleta Mkaguzi wao, na kwamba wakipewa saa ile kwa ajili ya nyumba yao ya makumbusho, watampa mwenyewe saa mpya ya dhahabu. Wakati huo Mzee Khalfan alikuwa ameshaichukua saa yake, ameniombea dua, ameondoka.

Siku arubaini hazijapita, akarudi. Hakukaa. Aliiweka saa juu ya kioo cha meza yangu.

"Umeifanya nini saa yangu?"

"Nimeirekebisha, Mzee Khalfan. Sasa iko sawa kabisa."

"Iko sawa! Mitende ya sabili inakufa, wewe unaniambia iko sawa!"

Nikamletea kiti, kahawa na tende. Alikataa tende, akaipokea kahawa, akanieleza. Kijijini kwao siku huanza kwa kuzama jua. Adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, arifu huitia saa majira, akaweka kumi na mbili kamili, na kuanzia hapo maji hugawanywa kwa athar, yaani nusu saa nusu saa, mpaka kesho yake. Athar arubaini na nane, kila moja ina mwenyewe. Babu yake alipoanza kutumia saa hii, aliona kila siku athar ya mwisho inakwisha na jua bado halijazama. Zinabaki dakika kumi ambazo si zamu ya mtu. Akasema, kisicho cha mtu ni cha Mungu. Akaifungulia maji hayo mitende sita iliyo nyuma ya msikiti, na tende zake zikawa sabili, yaani za wapita njia, na za futari ya asiye na shamba. Tangu siku hiyo haijapita Ramadhani bila tende zile.

Nikapiga hesabu kichwani. Kila mwenye zamu alikuwa akitoa sekunde kumi na mbili hivi, bila kujua, bila kuumia. Sadaka ya siri ya kijiji kizima, na mimi nimeifunga kwa kibano.

"Si uwakate kila mmoja kidogo?" nikasema.

"Nimkate nani? Wengine wako Maskati, wengine warithi wanane wa athar moja, hawasemezani. Wewe humjui mtu na maji yake! Babu hakumwomba mtu. Saa ndiyo iliyotoa." Akashusha kikombe. "Ni mwezi wa tende kukua, mwanangu. Zinadondoka mbichi, ndogo kama punje za pilipili manga. Irudishe kama ilivyokuwa."

Nikampigia Meneja. "Haiwezekani, ami," akasema. "Saa isiyo sahihi haitoki dukani kwetu. Na hii ndiyo ya kwanza kabisa! Mkaguzi anakuja Jumatatu. Akikuta umeiharibu kwa makusudi, kazi yako siwezi kuitetea." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akilinda jina, na jina lile mimi pia nililipenda.

Nikamwomba Mzee Khalfan aniachie saa mpaka Jumatatu. Akaniachia, na hilo lilinielemea kuliko kama angenitukana. Siku zile nilisali istikhara, nikimwomba Mola anionyeshe njia, na kila niliposimama moyo ulikwenda upande mmoja. Nikaamua: wakikataa, nitairudisha kamani ile kwa mkono wangu, kisha nivue koti la kazi.

Jumatatu wakaja kutoka Maskati kwa barabara ya Bidbid, Meneja na Mkaguzi, mzee wa Kizungu mwembamba, kimya kama msomaji. Mzee Khalfan alikuwa ameshafika. Mkaguzi akainamia saa muda mrefu. Akaiona punje, akaona kamani mpya, akauliza ya zamani iko wapi. Nikampa bahasha. Nikaeleza habari yote, Meneja akitafsiri kwa sauti inayopungua.

Mkaguzi akavua kioo chake. Akasema, na Meneja akatufasiria, kwamba tumekosea sote. Saa hii si ya kwanza. Mwanzilishi alikuwa akiijaribu kila saa kwenye baridi ya dirisha na kwenye joto la jiko, imelala na imesimama. Iliyoshinda aliiandika jina usoni. Iliyoshindwa hakuiandika, na habari yake ikaingia daftarini. Kulikuwa na moja ya majira ya baridi kali iliyokuwa ikikimbia kwa sababu kamani ilikuwa fupi. Njia ilikuwa imefungwa na theluji, hakupata nyingine, na ndani ya nyumba hakuna unga. Akaiuza bila jina kwa mchuuzi anayesafiri mbali, kwa aibu, ili asiione tena.

Mzee Khalfan akasema kwa Kiarabu, polepole, "Aliyeona aibu nayo hakujua Mola ameituma wapi."

Meneja alitafsiri hilo kwa shida. Mkaguzi akaniangalia, akafungua bahasha yangu, akanisogezea kamani ya zamani. Akavuta kiti akakaa kando yangu, na wakati wote nilipokuwa nikiifunga yeye ndiye aliyenishikia daraja. Habari ya makumbusho hakuna aliyeitaja tena. Meneja akatoka nje, akarudi na tende, na mara hii Mzee Khalfan akala.

Mitende miwili kati ya sita haikupona. Iombeeni hiyo dua. Minne ilipona, na kando yake tumeotesha michanga miwili.

Toka siku ile, kila aliyeniletea saa nilimuuliza kwanza, "Saa hii inakufanyia kazi gani?" Wengi walicheka. Wengine waliniambia mambo yaliyonifanya niiache kasoro mahali pake. Nilikwenda Nizwa nikafanya kazi mpaka nilipostaafu, na hakuna siku niliyofungua mgongo wa saa bila kustaajabu. Alhamdulillah kwa kazi iliyonistaajabisha mpaka uzeeni.

Mzee Khalfan ametangulia mbele ya haki. Arifu sasa ni mwanawe, afisa mstaafu wa serikali. Ijumaa mimi huenda kumtembelea. Kabla ya Magharibi tunakaa kwenye ukingo wa falaj. Saa ya fedha inafika kumi na mbili, anainuka, anageuza jiwe na tambara vinavyoziba mfereji, na maji yanaelekea nyuma ya msikiti. Mkononi nimevaa zawadi ya kampuni ya kustaafu, jina limeandikwa usoni kwa dhahabu. Tangu niivae haijakosea hata dakika moja, na haijamwagilia mtende hata mmoja.