Kufungua Bila Karatasi ya Mkubwa

Haya ninayowaandikia hamtayaamini, na sitawabembeleza. Mtu aliyeishia darasa la sita kujua mambo ya kompyuta kuliko nyinyi wenye vyeti ni jambo la kuumiza. Kunyweni maji kwanza.

Mwaka wa 1999 Beldina, mke wa mpwa wangu Nyongesa yule dereva wa malori, aliacha kibanda chake cha kupiga chapa pale Bugembe, akabeba kompyuta kutoka Jinja mpaka Mbale. Kubeba, nasema, nilibeba mimi. Gereza moja chini ya mlima Wanale lilikuwa limepata kompyuta sita, likatafuta mwalimu mmoja wa kufundisha askari wake. Wakajitokeza wawili. Askari saba wangetazama uso wa kompyuta wa kila mwalimu, yaani zile picha na vitufe vya kwenye skrini, kisha saa saba wanyoshe mikono kumchagua mmoja. Kibanda cha Bugembe kilikwisha kupata mtu mwingine. Akikosa hapa, Beldina hana pa kurudi.

Yeye alikuja na KDE, uso ambao vijana wa ng'ambo wanautengeneza na kuugawa bure, na ukitaka unaufumua uone ulivyoshonwa. Asadu, kijana wa Mbale mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata, alikuja na uso mwingine, wa bure vilevile, wenye picha ya unyayo pembeni.

Beldina alijua askari wale ni wa kila kabila na Kiswahili ndicho cha kambini. Kwa wiki nzima alikuwa akibadilisha majina chini ya picha. Kiingereza kikatoka, pakawa na Fungua Barua, pakawa na Funga Kazi. Alijiona amemaliza.

"Afande, keti," akamwambia Sajenti Yekosofati, mkubwa wao. "Bonyeza hapo penye Fungua."

Yekosofati akashika mausi kama mtu anayeshika kuku wa jirani. Akasoma. Akaiachia.

"Nani ametoa amri?"

"Amri ya nini, afande?"

"Kufungua. Mimi nafunga watu miaka ishirini na mbili. Kufungua bila karatasi ya mkubwa, hapana. Wewe unataka mimi naingia ndani?"

Hakuna aliyecheka. Koplo Akello, mwanamke mrefu wa kule Lango kaskazini, akasema taratibu, "Ni kweli, madam. Mwaka jana mwenzetu alifungua bila karatasi. Sasa yuko kwao, analima."

Hapo Beldina akaliona kosa lake. Bugembe, neno lile ni la mlango na chupa ya soda. Hapa ni la mtu aliyefungwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Asadu alikuwa anapangusa kioo chake kwa leso, polepole, ametulia kama paka wa bucha. Taa ikafifia, ikarudi. Sisi wa Jinja tunautengeneza umeme, Mbale wanauazima. Ukizimika sasa, akawaza Beldina, nimekwisha.

Kueleza kulikuwa na faida gani? Akauliza, "Afande, gereza lenu lina wodi ngapi za wafungwa?"

"Nne."

"Tazama." Akagusa vitufe vinne chini ya skrini. Kila kimoja kikaleta uwanja wake, mtupu. "Wodi nne. Sasa naingiza watu." Akaita kikokotoo, karatasi ya kuandikia, na saa. "Huyu namficha." Kikokotoo kikatoweka. "Ametoroka?"

Yekosofati akainama mpaka kofia ikagusa kioo. "Haonekani."

"Soma pale juu."

Kwenye mstari wa juu majina yalikuwa matatu vilevile.

"Mfiche, mhamishe wodi, jina linabaki. Ukiligusa, anakuja mwenyewe."

"Hii inafanya hesabu ya wafungwa," Yekosofati akasema.

"Kila dakika, afande. Na haisinzii."

"Basi inamshinda Jimmy," Akello akasema, na askari aliyekuwa karibu na mlango akatazama viatu vyake.

"Na hiyo Fungua?" Yekosofati hakuwa amesahau.

"Uso huu ni wenu. Jina mnataja nyinyi, mimi naandika."

Akafikiri. Saa saba kasoro dakika mbili. "Andika, Ita Mbele."

Beldina akaandika upesi. Sajenti akabonyeza, mara moja, mara mbili, na barua ikaja mbele kama mahabusu aliyeitwa jina. Akaigeukia skrini ya Asadu.

"Na hii mguu?"

"Ni alama tu, afande."

"Alama ya mguu, mtu hayuko. Huyo ametoroka."

Saa saba. Mikono ya Asadu ikahesabiwa kwanza: mitatu, wa Jimmy ukiwa juu kabisa. Beldina akafumba macho. Akello akanyosha. Wawili wakamfuata. Yekosofati mkono wake ulikuwa bado kwenye mausi, hauondoki, mpaka mwishowe akaunyosha, na hapo mikono ikafurika, kumi, ishirini, wafungwa waliokuwa wanafyeka nyasi wakapitisha yao dirishani, na mimi nikambeba Beldina begani tukazunguka gereza mara tisa huku bendi ya polisi ika—

"Minne, mjomba," anasema Beldina, kumbe amesimama nyuma yangu anasoma. "Minne kwa mitatu. Na wewe ulikuwa nje getini, walikukatalia kuingia na kile kisu chako cha kumenyea miwa."