Malkia Hakuletewa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa katazo. Mkuu wa Matangazo wa tamthilia yetu, mwanamke aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya ghala, alinisimamisha kando ya chombo cha anga kilichoundwa kwa mbao na mabati, akaniambia, "Owor, hapa hatupigi picha ya mtu. Tunapiga picha ya nyota. Mwigizaji akivua vazi, wewe unafunga lenzi. Akila, unafunga. Akikohoa, unafunga."

"Kwa nini, madam?"

"Umesoma chuo kikuu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana unauliza."

Akaondoka. Swali langu lilibaki pale pale ghalani, na kwa maoni yangu liko pale hadi leo.

Nimestaafu kazi hiyo kabla ndevu zangu hazijajaa. Vijana wanaokuja kwenye studio yangu hapa Busia kuniuliza jinsi ya kuingia kwenye tamthilia hunitania kwa kuniita mzee. Sawa. Acha niongee kama mzee, niwaeleze kazi ilivyokuwa, kisha mwamue wenyewe kama bado mnaitaka.

Tamthilia yenyewe iliitwa Abiria wa Nyota. Ilihusu watu wa kwetu waliopotea angani na kuangukia sayari inayotawaliwa na Malkia wa Orbe. Matukio ya ndani ya chombo tuliyarekodia kwenye ghala la zamani la pamba pale Tororo. Sayari ilikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Vumbi lake ni jeupe, na ukilala kifudifudi ukaelekeza lenzi juu, huoni migomba wala nguzo za umeme. Unaona mbingu na mawe tu. Mtu mfupi anakuwa jitu.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni picha mnato, yaani picha isiyosogea, inayopigwa huku kamera kubwa zikirekodi, ambayo baadaye hubandikwa kwenye mabango. Ya pili ni picha za mwendelezo. Hizo hazibandikwi popote. Kabla ya mwigizaji kupumzika, unampiga mbele, ubavuni na mgongoni, ili akirudi kesho rangi, kifungo na hata vumbi viwe mahali pale pale. Malkia akiwa na ufa kwenye shavu la kushoto Jumatatu, Alhamisi ufa hauwezi kuhamia kulia. Nilianzia ghalani, nikahamishiwa machimboni, na mwisho wakanipa pia dawati la kusafisha picha, pale ambapo kwa kompyuta unafuta chunusi, unafuta nyaya, na ukiamriwa unatua chombo cha anga juu ya Mwamba wa Tororo. Nilikitua. Kilipendeza. Vinyozi wa pande zote mbili za mpaka waliibandika picha ile ukutani.

Maisha ya waigizaji nje ya kioo ndiyo niliyokatazwa kuyapiga, kwa hiyo ndiyo niliyoyatazama zaidi. Kapteni wa chombo, ambaye mabango yalimwonyesha akikodolea macho nyota, alifuga nguruwe Molo ya Tororo, si mbali na kwetu. Alikuja kazini na gambuti zenye matope, akakaa kwenye kiti cha urubani na kupiga simu kuuliza kama jike limezaa. "Ngapi? Na huyo mdogo ananyonya?" Nyuma yake taa za sayari zinawaka na kuzima. Hiyo ingekuwa picha. Nikafunga lenzi.

Malkia wa Orbe aliigizwa na Nabwire. Alizaliwa Bulumbi, akaolewa Buhehe. Mumewe, Ouma, ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi Nabwire alikaa na mama mkwe wake na binti yake mdogo. Alikuwa na mwendo ambao Mkurugenzi alisema hajawahi kuuona kwa mtu mwingine, kama mtu aliyebeba mtungi kichwani na hana haraka ya kuutua. Uso wake haukuonekana kamwe. Alivaa barakoa ya mpira kuanzia utosini hadi chini ya shingo, iliyoshikwa na gundi, na mwili wake ukapakwa rangi ya kijivu. Watazamaji walibishana ni nani aliye ndani. Ofisi ya Matangazo iliupenda ubishi ule kuliko tamthilia yenyewe, ikamfungia Nabwire mdomo kwa mkataba: asimwambie mtu yeyote, hata mumewe. Nyumbani alisema anawapikia wapasua mawe.

Gundi hiyo haitoki kwa kuvutwa. Brayo, mpambaji wetu, kijana wa Busia ya ng'ambo ya mpaka, alimweleza Meneja wa Uzalishaji mbele yangu.

"Boss, hii gundi inataka mafuta na maji moto. Ikae kidogo, ilegee. Hapa hatuna hata jerikeni moja."

"Gari linaondoka," Meneja akasema. "Ataoga kwao."

Ilikuwa hivyo kila siku ya kurekodi. Meneja huyo huyo aliagiza mashine ya kutoa moshi ili sayari ionekane inapumua. Kwa moshi, alikuwa na bajeti na gari. Kwa beseni la maji, gari linaondoka. Nabwire aliivua barakoa kwa kuivuta, ndani ya gari linaloruka mashimoni, na ngozi ya shingo ikafuata mpira. Alifika kwao giza limeingia, kijivu nyuma ya masikio, kijivu kwenye visigino, shingo nyekundu.

Asubuhi moja machimboni aliniambia, akicheka kidogo kwanza, "Owor, mimi wanasema nakimbia usiku."

Msomaji wa mbali aelewe. Huku kwetu mkimbiaji wa usiku ni mchawi anayetoka uchi watu wakilala, amejipaka majivu, anakimbia kwenye maboma ya watu na kutupa mawe juu ya mabati. Mimi siamini. Lakini kutokuamini kwangu hakujawahi kuzuia nyumba ya mtu kuchomwa.

"Nani anasema?"

"Mama ya Ouma. Na hii watu ya Buhehe yote. Kwa jirani mawe ilipiga bati, asubuhi wananiona na majivu kwa sikio. Mama hakuli tena chakula yangu. Mtoto amempeleka kulala kwa shangazi."

"Si uwaambie?"

"Nikisema, kazi imekwisha. Nisiposema, Jumapili wanakaa kikao. Wakinifukuza mimi nakwenda, mtoto anabaki kwao." Hakuwa akicheka tena. "Wewe una picha. Piga simu kwa madam, akubali moja tu."

Sikupiga simu, nilikwenda mwenyewe. Niliomba picha moja ya mwendelezo, ile inayopigwa ili gundi irudi pale pale kesho, ya Brayo akipandisha barakoa shingoni na uso wa Nabwire ukiwa wazi. Moja, ya kuonyeshwa kijijini na kurudishwa. Mkuu wa Matangazo alinisikiliza vizuri kuliko siku zote. Hata miwani alivua.

"Wanasema kweli ni mchawi?"

"Ndiyo, madam."

"Malkia wa Orbe, mchawi kijijini kwake." Alitabasamu. "Owor, hiyo ni stori. Usimwonyeshe mtu kitu. Tunaiweka, mwisho wa msimu tunamfichua yeye na stori yake pamoja. Nchi nzima itaongea."

"Na Jumapili?"

"Jumapili itapita."

Nimerudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani, nikitafuta mahali ambapo labda nilimwonea. Sijapapata. Mwanamke anakaribia kunyang'anywa mtoto, na mwanamke mwenzake anapima itauzwaje.

Jumapili baada ya misa mimi na Brayo tulishuka Buhehe kwa bodaboda, mimi na picha nilizozichapisha bila ruhusa, yeye na sanduku lake la kazi. Nabwire alituona tukiingia uani kwa Mwenyekiti wa kijiji, akainamisha kichwa mara moja, kama mtu anayekubali hasara. Mama mkwe wake, Mama Ouma, alikaa mbali naye, mgongo umenyooka, macho chini.

Nilisalimia, nikaeleza, nikagawa picha. Zilizunguka mikononi. Mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye koti la suti, alivaa miwani akazitazama kwa makini.

"Kijana, wewe ndiye unapiga picha ya ile tamthilia?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile iko kwa kinyozi pale Busia, chombo kinatua juu ya Mwamba wa Tororo, ni yako?"

"Ni yangu."

"Kilitua?"

Watu walianza kucheka kabla sijajibu.

"Hapana, mzee. Niliiweka kwa kompyuta."

"Basi. Ile ya chombo unasema ni uongo, hii ya leo unasema ni kweli, na zote umetengeneza wewe. Mimi nishike ipi?"

Ningependa kusema nilikasirika. Ukweli ni kwamba ningekuwa nimekaa upande wake, ningeuliza swali hilo hilo. Ofisi yetu ilikuwa imewazoeza watu hawa kuamini kwamba picha zetu hazina uhusiano wowote na binadamu, nao walikuwa wameelewa.

Brayo alinivuta shati. "Mzee, achana na makaratasi. Mtupe kiti tu."

Kiti kililetwa katikati ya uwanja. Nabwire akakaa. Brayo akafungua sanduku, akatoa barakoa, na watoto wakakimbilia nyuma ya jiko. Alipaka gundi kwa brashi, kuzunguka shingo, nyuma ya masikio. Alishusha mpira, akabana kingo, akapaka kijivu. Mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Alipomaliza, Nabwire akasimama, akatembea hatua chache kwa mwendo wake ule.

Kijana mmoja wa kibanda cha video akashika kichwa. "Kumbe ni huyu. Mimi nilipigana na watu kwa sababu ya huyu. Nilisema ni mwanaume."

"Na ulipigwa," mwingine akamkumbusha.

Mwenyekiti hakucheka. "Tumeona kuvaa. Sasa avue, tuone hiyo majivu inabaki wapi. Mama Ouma, wewe ndiye ulileta neno. Vua."

Mama Ouma aliinuka taratibu. Nabwire akamwinamia, sauti ikitoka ndani ya mpira. "Vuta tu, Mama. Kazini tunavuta."

Akavuta. Mpira ukatoka nusu kidole kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na chini yake ngozi ikainuka pamoja nao. Mama Ouma akaachia. Akasogeza uso karibu. Kulikuwa na kidonda kipya, na chini ya kipya cha zamani, na cha zamani kingine kilichokwisha kuwa kovu. Kijivu kilikuwa kimejaa kwenye mikunjo.

"Nani amekufanyia hivi?"

Mama Ouma akamgeukia Brayo, kisha mimi. "Nauliza nyinyi."

"Ni gundi, Mama," Brayo akasema. "Ukiwa na mafuta na maji moto haiumizi. Huko hatupewi maji."

"Hawana maji."

"Hawaleti."

"Hawana maji," Mama Ouma akarudia, sasa akiuambia uwanja mzima, "na wana chombo cha kwenda mbinguni."

Aliagiza maji yapashwe na mafuta ya kupikia yaletwe. Kisha alikaa chini, akakilaza kichwa cha mkwewe mapajani mwake, na kuanza kuzipaka mafuta kingo za mpira, kidole baada ya kidole. Ilichukua muda mrefu. Kikao kilimngoja. Barakoa ilipotoka yote, uso wa Nabwire ulikuwa umelowa, na sikujua kipi ni maji. Mwenyekiti alikunja miwani akasema mambo ya mawe juu ya bati yatafutiwe mtu mwingine. Mama Ouma hakumsikiliza. Alimtuma kijana kwa shangazi akamlete mtoto.

Picha za siku hiyo sikupiga. Kamera ilikuwa shingoni, lakini kila mtu uwanjani alikuwa ameshaona.

Habari zilifika ofisini kabla yetu. Mimi nilifukuzwa kwa simu, kwa kuvunja siri. Nabwire naye alifukuzwa, kwa kuvuja, kana kwamba yeye ni bomba. Nilisubiri nchi nzima iongee. Haikuongea. Walimtia mwanamke mwingine ndani ya barakoa, mfupi kidogo, wakarekodi kutoka chini, na tamthilia ikaendelea. Watazamaji hawakugundua. Miaka yote niliambiwa tunapiga picha ya nyota, si ya mtu. Kumbe hata nyota hawakuwa nayo. Walikuwa na mpira na gundi, na shingo ya yeyote atakayekubali.

Brayo walimbakiza, hawana mpambaji mwingine. Siku hizi hubeba jerikeni lake na jiko la mkaa. Ananiambia Meneja hulalamika kwamba vinajaza gari.

Basi, ninyi mnaokuja kuniuliza lenzi gani mnunue: lenzi yoyote itafaa. Siku ya kwanza kazini uliza maji ya kunawa yako wapi. Wakicheka, ondoka. Kina cha fokasi, yaani kipi kionekane wazi na kipi kififie, utajifunza popote.

Mwezi uliopita Mama Ouma alikuja studio na mkwewe, wamevaa vizuri, wanataka picha ya kutundika sebuleni. Nabwire alifunga blauzi hadi kifungo cha juu. Mama Ouma akakifungua. Niliwapiga, nikaifungua picha kwenye kompyuta, na mkono wangu, kwa mazoea ya dawati lile, ukaenda wenyewe kwenye shingo ya Nabwire kufuta kovu.

"Unafanya nini?" Mama Ouma akauliza, amesimama nyuma yangu.

"Nasafisha kidogo, Mama."

"Acha. Hiyo niliosha mimi. Mgeni akiuliza, iwe pale."