Bwana Asilimia Anunua Kampuni Mia Tatu

Kwa miaka ishirini na saba alifundisha hesabu, na wanafunzi wote, hata wale aliowafelisha, walimjua kwa jina moja tu: Bwana Asilimia. Naye hakumdharau mtu yeyote kama alivyomdharau asiyejua kukokotoa faida. Basi siku mwalimu wa michezo, mtu wa mipira na filimbi, alipotangaza kwamba amenunua vipande vya mfuko wa hisa kwa simu, Bwana Asilimia chai ilimkwama kooni.

"Mfuko wenyewe ukoje?" aliuliza, kama asiyejali.

"Ni kapu moja lenye hisa za kampuni mia tatu, mwalimu. Unanunua kipande sokoni, zote umezigusa. Dalali yuko mtandaoni, anakata kamisheni kila ukinunua au ukiuza."

Jioni hiyo hiyo alijifungulia akaunti sebuleni. Programu ya dalali ilitaka kitambulisho, kisha picha ya uso. "Tabasamu," iliandika. Bwana Asilimia, aliyetabasamu mara ya mwisho siku ya harusi yake, tena kwa kubembelezwa na mpiga picha, alikataliwa mara nne. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyemwokoa: alimkumbusha jinsi darasa la mwalimu wa fizikia, mpinzani wake, lilivyofeli mtihani. Picha ikapita.

Akanunua vipande kumi na viwili, na kesho yake akaamka tajiri. Miongoni mwa kampuni zile mia tatu ilikuwemo moja ya simu. Akaenda kwenye duka lake, moja kwa moja hadi kaunta.

"Mzee, foleni inaanzia kule," alisema dada wa kaunta.

"Mwanangu, unaongea na mwenye mali."

"Haya, mwenye mali, chukua namba."

Akapewa namba tisini na moja.

Wiki ya tatu mfuko ukashuka asilimia nne. Mtu ambaye darasani aliita asilimia nne "tofauti ndogo tu" alitokwa na jasho mpaka miwani ikamteleza puani. Akauza vyote katikati ya kipindi, kipeuo cha pili kikiwa kimeachwa ubaoni bila jibu. Siku nane baadaye bei ikapanda. Akanunua tena, kwa bei ya juu kuliko ile ya kwanza. Ikashuka, akauza. Ikapanda, akanunua. Dalali, ambaye hakuwahi kuonana naye hata kwa sura, maisha yalikuwa yanamnyookea.

Mkewe akamkalisha chini.

"Baba watoto, ulinunua ghali?"

"Ndiyo."

"Ukauza rahisi?"

"Soko lilikuwa na..."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na ni wewe unayefundisha faida na hasara?"

"Nafundisha nadharia," alijibu, sauti imezama.

Mama watoto hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alinyoosha mkono tu. Akakabidhiwa simu na nywila. Tangu hapo, kila mshahara ukiingia, mama alinunua vipande viwili, akaifunga programu kama anavyofunga kabati la dawa, akaenda zamu. Mzee akiuliza bei, alijibiwa, "Mtoto hazaliwi haraka kwa kuchunguliwa."

Mfuko ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda zaidi. Mwaka wa tano waliuza sehemu ya vipande, wakamlipia binti yao ada ya chuo. Vilivyobaki wakaviacha kama vilivyo.

Siku hizi Bwana Asilimia huwakusanya walimu wapya wakati wa mapumziko na kuwapa somo la bure.

"Hisa hazitaki papara," huwaambia. "Siri ni subira, na subira mtu huzaliwa nayo."

Mmoja aliwahi kumuuliza kipande kimefika bei gani. Bwana Asilimia alifuta miwani yake, kisha akasema kwamba mambo madogo madogo kama hayo amemwachia mama.