Mende Kwenye Mdomo wa Disketi

Wandera wa Kariobangi alikuwa fundi wa mashine za viwandani, na uchafu aliuchukia sana. Hata chai ya kibandani aliichungulia kabla ya kuonja. Basi siku moja mwaka wa tisini na sita akaitwa kwenye kiwanda cha sweta kule Baba Dogo. Mashine ya kutarizi nembo za shule ilikuwa imegoma, na mwenye kiwanda, Gichuru, alishamwambia mwendeshaji wake, Everline, kwamba isipowaka kufikia jioni asirudi kesho.

"Tangu asubuhi inaandika ngoja, ngoja," Everline alisema. "Fundi, hii kazi ndiyo inanilishia watoto."

Wandera akafungua kisanduku cha kompyuta, akaruka nyuma. Mende walitawanyika huku na huku. Harufu ya dagaa wa omena waliochacha ikampiga puani.

"Mama, kwani hapa ni jikoni?"

"Tunapashia chakula tu. Huko juu ya kisanduku huwa moto. Kila mtu hupasha."

"Basi kila mtu ni mchafu."

Mashine hiyo ikiwashwa, kijiprogramu kilicho ndani ya chipu ndicho huamka kwanza, kikatafuta programu kubwa ya kuendesha sindano. Huanzia kwenye disketi. Kikikosa disketi, hupakia programu ya zamani iliyohifadhiwa kwenye chipu nyingine, kikaiachia kazi. Disketi ilikuwa imelowa mafuta ya chakula, haisomeki. Wandera akaichomoa kwa koleo, akawasha. Bado ikaandika ngoja.

Akamulika tochi mdomoni mwa disketi. Mle mna kijipini kinachobonyezwa disketi ikiingia. Kifuko cha mayai ya mende kilikuwa kimegandia papo hapo, kimekibonyeza, na mashine ikadhani disketi ingalimo, ikabaki kuingoja isomeke. Akajifunga leso puani, akakwangua. Kifuko kikapasuka, ute ukamchuruzikia vidoleni. Akatoka nje kutema mate, akarudi, akamaliza kusafisha, akawasha tena.

Sindano zikaanza kutembea, ila polepole, maana programu ya zamani haikujua mwendo wa kasi.

Gichuru akaingia. "Mbona inajikokota?"

"Disketi imeharibika. Ukileta nyingine itakimbia."

"Nani ameiharibu?"

Everline akainamia nyuzi. Wandera akavitazama vidole vyake, akavipangusa tena kwa leso.

"Mende, mzee. Wamejaa kiwandani kwako. Nyunyiza dawa."

Gichuru akasonya, akaenda zake.

"Asante, baba," Everline akanong'ona, akinyoosha mkono.

"Usiniguse. Na nikikuta sufuria hapo tena, nitamwambia Gichuru mwenyewe."

Akaenda bombani, akajisugua kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikamwasha. Aliponusa vidole, akafungulia maji tena.