Daraja letu halijashindwa na theluji, limeshindwa na makapi ya mpunga

Wakuu, salamu kutoka bonde la Kilombero. Haya nimeyaona kwa macho yangu na hasira bado ninayo, mnivumilie.

Kijijini kwetu, njia ya Namawala, alikuja mtaalamu kuongelea ukarabati wa daraja letu dogo. Akafunga projekta ofisi ya kijiji. Picha zote ni madaraja ya nchi za theluji.

Akasema huko maji yakiingia kwenye ufa yanaganda, yanavimba, zege linapasuka. Wakimwaga chumvi kuyeyusha barafu, chumvi inakula nondo. Na bado madaraja yao yanazeeka na watu.

Nikauliza, siri yao nini?

Akasema nondo wanazipaka dawa ya kuzuia kutu, na kabla ya baridi wanazibua matundu ya kutolea maji.

"Na matundu ya daraja letu umeyaona?"

"Hiyo ni routine maintenance, ipo kwenye plan."

Slide iliyofuata, dubu mweupe.

Sasa kwa wasiopajua huku: daraja letu ndiyo uwanja wa kuanikia mpunga. Zege linashika joto, halina vumbi. Mtu akimaliza anafagia makapi, yanaishia kwenye matundu. Bingwa wao ni mama mkwe wangu.

Juzi ikapiga mvua. Maji yakatuama juu ya daraja kama bwawa, yakatokea pembeni, yakala udongo wa maingilio, likabaki pengo.

Asubuhi mwanangu anachemka homa, na zahanati iko ng'ambo. Boda akafika pale akazima pikipiki. "Dada, hapa mimi sivuki."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaruka lile pengo, goti likachubuka. Malaria. Kapata dawa, sasa anacheza.

Leo jua limetoka, nikaja na kipande cha nondo kuzibua. Mara mama mkwe huyo, na turubai lake.

Nikamwamkia, adabu ninayo.

"Marahaba. Sogea basi mwanangu, jua lisinipotee."

"Mama, aliyekuwa na homa ni mjukuu wako."

"Si amepona?"

Nikakaa juu ya tundu. Naandika hapa nimekaa, yeye amekaa upande wa pili, turubai mapajani.

Nilichojifunza: wenzetu wanapigana na barafu wanashinda, sisi makapi tu yanatutoa jasho.

Wenye wakwe nishaurini. Wenye projekta, piteni kimya kimya.