Breki Zilizolewa Maji

Gari langu la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka ya kuondoka. Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu kwenye kinu cha pamba alikuwa anafunga masanduku, Uhuru ukikaribia, na kila kilichokataa kuingia sandukuni aliwaachia makarani wake. Mmoja alipata viti vya kukunja. Mwingine alipata mbwa. Mimi nikapata gari dogo la kijivu. Leseni ilifuata baadaye, kwa huruma ya askari aliyenipima, ambaye nadhani alichotaka zaidi ni kushuka.

Katika Mwanza nzima hakukuwa na mtu asiyehitaji gari kama mimi. Niliishi Pasiansi, na njia nilizozijua vizuri zilikuwa mbili, ya kwenda kazini na ya kurudi, nayo ilikuwa ni hiyohiyo. Nikishavua viatu jioni sivai tena mpaka kesho. Mke wangu alikuwa mtu wa namna nyingine. Alitoka Bukoba, binti wa mwalimu wa Kilutheri, amekulia kwenye nyumba isiyokosa wageni, na siku gari lilipoingia uani alishona mito miwili ya kukalia kabla injini haijapoa.

Mimi nilinunua daftari. Nimesoma mpaka sekondari, na ugonjwa niliotoka nao huko ni kuamini kwamba jambo likishaandikwa limeshafanyika. Mwalimu wangu wa mambo ya gari alikuwa fundi mmoja mzee wa Mkuyuni, Mwislamu mzaliwa wa mjini, aliyefundisha akiwa amelala chini ya malori ya watu, hata kwa muda mrefu nilimfahamu zaidi kwa nyayo kuliko kwa sura. Naamkia nyayo shikamoo, nyayo zinaitika marahaba, somo linaanza.

Alinifundisha kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha na kukichomoa tena, kwa sababu kipimo cha kwanza ni cha uongo. Maji ya rejeta yatazamwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Anayefungua kifuniko injini ikiwa moto atachomwa uso, akiwa msomi au asiwe. Betri ipewe maji safi ya mvua, ya ziwani hapana. Niliandika yote kwa wino, na vichwa vya habari nikavipigia mstari.

Siku moja aliniuliza wiki hiyo nimefika wapi na gari. Nikamwambia sijafika popote.

"Sasa bwana karani," zikasema nyayo, "mimi nafundisha dereva au mlinzi?"

Akanieleza kwamba gari la kukaa linaharibika upesi kuliko la kutembea. Betri inalala, tairi zinakaa upande mmoja. Nikaenda nyumbani nikaandika. Tangu hapo kila asubuhi niliwasha injini pale pale uani, nikaiacha ingurume mpaka chai ichemke, kisha nikazima na kupanda baiskeli kwenda kazini. Siku za mwanzo mke wangu alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Baadaye akawa anasimama bila mkoba. Baadaye hakusimama.

Siku ya sherehe za Uhuru aliomba nimpeleke uwanjani. Nikamwambia tairi la nyuma nalitilia shaka. Akaenda kwa miguu na majirani, akiimba nao tangu getini, nami nikabaki nikijaza upepo tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Ngoma nilizisikia kwa mbali. Nilijiambia hata hapo zinasikika vizuri.

Baada ya wiki mbili alipanda meli kwenda kumuuguza mama yake. Mama akapona. Mke wangu hakurudi.

Sitaki kusema mengi juu ya miezi ile. Nilikula kwenye sufuria, nimesimama. Mtu wa ndani kama mimi hujidanganya kwamba anapenda nyumba, kumbe anapenda sauti ya mtu mwingine chumba cha pili. Sauti ilipoondoka nilibaki na kuta. Nilianza kulisalimia gari asubuhi, na nilipojikamata nangoja liitikie, nikaona hapa tumefika pabaya.

Kisha barua ikaja. Aliandika kwamba atakuja na meli ya Jumamosi. "Uje mwenyewe, na uje na gari. Nikikuona nitashusha sanduku langu. Ukimtuma mtu nitampa mkungu wa ndizi akuletee, nami nitarudi na meli hiyohiyo."

Wiki ile nzima nililihudumia gari kama bibi harusi. Oili, maji, betri, tairi, hata nati za magurudumu nilizikaza moja moja. Likabaki vumbi. Na Mwanza siku zile dereva hakubeba ndoo. Jumamosi asubuhi malori na teksi ziliingizwa ziwani, pale kwenye mchanga maji yalipokuwa mafupi, zikasuguliwa zikiwa zimesimama majini kama ng'ombe. Nami nikaingia. Nilisugua mpaka nikajiona uso kwenye boneti, halafu nikatoka majini moja kwa moja kuelekea bandarini, nikiwa nimeshachelewa.

Fundi alikuwa amenionya zamani kwamba gari likitoka majini breki zinakuwa zimelewa. Uende polepole huku unazikanyaga kidogo kidogo, mpaka zipate moto zikauke. Nililiandika hilo vizuri sana. Daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani makusudi, mke wangu asije akadhani naendesha kwa kusoma.

Barabara ya bandarini inateremka. Nilimwona kwa mbali, amesimama nje ya geti na gauni lake la bluu, mkungu wa ndizi miguuni. Aliniona. Akainua mkono. Nikakanyaga breki, ikawa kama nimekanyaga mto.

Nikampita mke wangu.

Nilimpita taratibu kabisa, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kwa sababu woga ulikuwa umenikaza shingo. Nikavuta breki ya mkono, nayo imelewa vilevile. Gari lilisimama mbele huko, lilipoegemea marobota ya pamba, na makuli waliokuwa wakiyapakia wakaweka mizigo chini ili wacheke vizuri.

Niliporudisha gari nyuma hadi getini, alikuwa bado amesimama palepale.

"Umenipita," akasema.

"Breki zimelewa maji."

Alinitazama, akatazama gari linavyotiririka maji, akacheka mpaka akashika geti. Miezi sita sikuwa nimekisikia kicheko kile. Alisema nilipopita nilikuwa kama gavana anayekagua watu asiowajua. Nikauliza sanduku liko wapi. Liko melini, akasema, ngoja kwanza. Meli ilikuwa bado inapakia.

Akapakia ndizi nyuma, akakaa kwenye mto alioushona mwenyewe, nami nikaendesha polepole kando ya ziwa, nikikanyaga na kuachia, breki zikauke. Alifungua dirisha. Alinisimulia mama yake, kahawa ya mwaka ule, binamu aliyeolewa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kubadili gia.

"Tukifika nyumbani," akauliza, "Jumapili tutakwenda wapi?"

Nilikuwa na miezi sita ya kuliandaa jibu hilo. Mji mzima ulikuwa umejaa majibu. Ningetaja kanisani, ningetaja kwa jamaa zake, ningetaja hata Mkuyuni kwa fundi, angefurahi. Nilifungua mdomo, na aliyesema ni mimi yule yule.

"Kwa safari hii ya leo, nilifikiri Jumapili tulipumzishe."

Alifunga dirisha.

"Tulipumzishe," akarudia, bila hasira, kama mtu anayesoma bei ya kitu dukani na kukirudisha mahali pake. "Nirudishe bandarini."

Nilimrudisha. Nilitafuta la kusema njia nzima, na yote yaliyokuja kichwani yalihusu gari. Breki sasa zilikuwa zimekauka, zikashika barabara, gari likasimama pale pale alipotaka. Aliteremka. Akaniambia zile ndizi nizipike kabla ya Jumatatu, zisiive, na kwamba mimi chumvi huwa naizidisha. Kisha akapanda ngazi ya meli, na sikumwona akigeuka, ingawa huenda aligeuka wakati nimeinama.

Meli ilipotoka sikwenda nyumbani. Niliipita njia ya Pasiansi nikaendelea, kwa mara ya kwanza tangu gari liwe langu, hadi Kiseke, barabara ilipokuwa imebaki nyayo za ng'ombe katikati ya mashamba. Ziwa lilionekana lote kutoka pale, na moshi wa meli juu yake. Palikuwa pazuri. Nikageuka kushoto, kwenye mto wake, kumwambia.