Nguzo ya Ziwa la Tatu

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja, alikuwa na kazi ambayo ukimweleza mtu anacheka kwanza, kisha anasubiri umtajie kazi yake hasa. Mara moja kila mwezi alipanda mlima, akapita ziwa la kwanza, akapita la pili, akafika la tatu lililo juu kabisa, akasoma nguzo ya chuma iliyosimikwa majini kupimia kina, akaandika namba, akashuka. Saa kumi na mbili kwenda na kurudi, kwa miaka ishirini na sita. Ofisini walimwita Mzee wa Nguzo, na idara ya maji iliona jina hilo ni shukrani ya kutosha.

Mimi nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi hiyo hiyo. Kazi alinitafutia yeye. Alivaa suti yake moja, akaketi nje ya mlango wa mkuu siku tatu mfululizo mpaka wakachoka kumwona. Nami nikamlipa fadhila kikarani.

Ilikuwa hivi. Mkuu mmoja aliagiza nguzo isomwe tarehe ishirini na nane. Mkuu aliyemfuata akaagiza ripoti iondoke tarehe ishirini na tano. Barua zote mbili zilibandikwa ubaoni bega kwa bega, kila moja na muhuri wake, na hakuna aliyejisumbua kuzisoma pamoja. Mwezi wangu wa kwanza nilimuuliza karani mkuu niandike nini kwenye ziwa la tatu, maana msomaji bado hajapanda.

"Weka ya mwaka jana," akasema bila kuinua macho. "Maji ni maji."

Nikaweka. Mwaka uliofuata nikaweka tena ya mwaka jana, ambayo ilikuwa ya mwaka juzi. Kwa miaka tisa ziwa lile lilipanda na kushuka kwa nidhamu ya kijeshi. Madaftari ya Mjomba niliyapokea kwa mikono miwili, nikasema "ahsante Mjomba", nikayafungia.

Halafu akaja bosi mpya, mwanamke wa makamo mwenye tabia mbaya sana kwa ofisi yetu: alikuwa anasoma ripoti.

"Mwezi wa tatu, mita mbili na sentimita kumi na moja," alisema akinitupia karatasi mezani. "Mwaka wa tisa huu, ile ile! Huyu mzee hapandi popote. Anakaa kwake anakunywa chai. Tarehe ishirini na nane tunapanda wote watatu, na ripoti utaibeba wewe. Nguzo na karatasi zisipokubaliana, hana kazi."

Mjomba alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Mtu mwenye haya angefungua mdomo pale pale. Mimi nilitazama viatu vya bosi, vyenye visigino, nikajiambia huyu hafiki hata ziwa la kwanza. Atageuka njiani, tutarudi, yataisha.

Siku yenyewe alikuja na viatu vingine. Tulianza kupanda alfajiri, na bosi wangu akapanda kama mbuzi. Aliyekuwa akifa ni mimi. Njia ilisimama wima, mawe yaliteleza kila nilipokanyaga, na hewa ilipungua kana kwamba nayo inatolewa kwa kibali cha ofisi. Ziwa la kwanza sikuliona, nilikuwa nimeinama natapika. La pili nililisikia likisifiwa.

Mjomba alikuwa amefunga goti la kulia kwa bendeji, na bado alinisubiri kila kona.

"Mpwa wangu, kunywa maji kidogo kidogo. Usikae. Ukikaa hutainuka," aliniambia. "Nipe huo mkoba."

Nikampa. Ndani ya mkoba ilikuwamo ripoti ya kumfukuzisha kazi, na nilimwachia aibebe mpaka juu. Niliona aibu, nakiri, lakini niliona pia kwamba mgongo umepata nafuu.

Ziwa la tatu lilikuwa dogo, jeusi, limezungukwa na mawe matupu, na kingoni maji yalikuwa yameganda. Mjomba hakupumzika. Alilala kifudifudi juu ya mwamba, akasugua ukungu wa kijani kwenye nguzo kwa mswaki mkuukuu, akangoja upepo utulie. Akasoma mara tatu, kila mara akifumba macho kwanza ili asijidanganye.

"Mita moja na sentimita thelathini na nane," akasema.

Bosi akatoa ripoti mkobani. "Hapa ni mbili na kumi na moja. Siku tatu zilizopita. Jina lako hili hapa, mzee."

Mjomba alitazama karatasi, akatazama nguzo. Kisha akafungua daftari lake kwa vidole vilivyolowa, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akitafuta alipokosea.

"Labda ni macho yangu, Mama," akasema. "Siku hizi hayaoni vizuri."

Hapo nilishindwa. "Si yeye, bosi. Ni mimi. Miaka yote tisa naandika za mwaka jana. Zake sijawahi kuandika hata moja."

Bosi alinitukana, kwa ufasaha, akanifuta kazi pale pale, na nilistahili kila neno. Mjomba alifunga daftari, akamngoja amalize.

"Siku aliyozikwa bibi yako," akaniambia, "mimi sikuwepo. Nilikuwa hapa. Mama yako aliniambia kazi nimeipenda kuliko mama aliyetuzaa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Nilimwambia watu wa mjini wanategemea hii namba." Alikohoa. "Ya siku hiyo nani aliisoma?"

"Hakuna, Mjomba."

Nilikuwepo kwenye mazishi yale. Nilisikia dada mtu akimlaani kaka yake, na watu wakiitikia. Nilikula, nikanawa, nikanyamaza kwa miaka mitano.

"Mama yako utamwambia wewe," akauliza, "au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

Akanirudishia mkoba, akatangulia kushuka na bosi. Hakunisubiri hata kona moja, na nilimwita mara nyingi.

Nilifika nyumbani jioni, sina kazi na miguu haihisi kitu. Nilimwambia mama nikiwa nimesimama mlangoni, maana kuingia sikuthubutu. Nilitegemea kofi. Nilikuwa tayari hata kwa kilio. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akazima jiko, akavaa viatu, akanisukuma kando, akaenda kwa kaka yake.